Lugha ya gereji isibezwe

Yeyote apitaye Nakuru siku hizi, hasa jioni za mwisho wa juma, hatakosa kuyaona magari madogo yaliyoshushwa hadi tumbo likakaribia kusugua lami. Magurudumu yake yamefungwa rimu pana zilizochomoza nje ya madigadi, na ukiyatazama kwa mbele utayaona yameinamisha vichwa ndani na kutanua nyayo, mithili ya mtu atembeaye akitagaa. Vijana wenye magari hayo huyaonea fahari kubwa, ilhali wazee wengi huyalaani kila yapitapo. Mimi si miongoni mwa wanaolaani. Kukipamba chombo cha safari ni desturi ya kale katika nchi hizi, na wenye majahazi wa pwani walichonga na kupaka rangi shetri za vyombo vyao kabla ya gari la kwanza kufika bara. Linalonishughulisha ni jingine: ni lugha inayotumika pale gari hilo linapofikishwa kwa fundi ili magurudumu yapimwe na kurekebishwa.

Msomaji huenda akauliza mwanaisimu ana haja gani na springi na shoki. Jibu langu ni kwamba kipimo kisichokuwa na jina linaloeleweka na anayepima na anayepimiwa ni sawa na kipimo ambacho hakikuchukuliwa. Gari lililoshushwa linahitaji kupimwa upya kuliko gari jingine lolote, na kipimo chake kikikosewa hasara haiishii mfukoni.

Tuanze na jambo lenyewe. Gari linaposhushwa, iwe kwa kufungwa springi fupi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, au kwa kukata zile za kiwandani kama wafanyavyo wengi, mwili wa gari hushuka lakini magurudumu hubaki pale pale juu ya lami. Mikono ya chuma inayoliunganisha gurudumu na mwili, pamoja na tairodi inayotoka kwenye usukani, hubadilisha pembe zake. Kwa kuwa mkono wa chini na tairodi havina urefu mmoja wala havikuanzia mahali pamoja, kila kimoja huzunguka duara lake, na gurudumu hujikuta likivutwa huku likisukumwa kule. Matokeo yake ni mawili. La kwanza, gurudumu hulala, yaani sehemu yake ya juu huingia ndani. La pili, magurudumu mawili ya mbele huacha kutazama njia moja: aidha huelekeana kama nyayo za mtoto anayejifunza kutembea, au huachana, kila moja likitaka kwenda zake. Hakuna fundi anayeweza kulishusha gari bila kuyagusa mambo haya mawili, hata kama hakukusudia kuyagusa. Ndiyo maana gari lililoshushwa asubuhi halifai kuingizwa barabara kuu mchana kabla ya kupimwa.

Sasa nieleze nililolishuhudia katika gereji moja ya mji huu. Kijana mmoja, mwanafunzi wa uhandisi, alileta gari lake lililoshushwa. Alikuwa amesoma mengi kwenye simu yake kuhusu kipimo kile cha kulala kwa gurudumu, ambacho Waingereza wana neno lao kwacho, nalo likifika katika vinywa vyetu hutamkwa "kamba". Akamwambia fundi, mzee wa makamo aliyezeekea katika kazi hiyo, "Mzee, nirekebishie kamba, imezidi." Fundi akamtuma mwanagenzi wake alete kamba. Ikaletwa kamba ya katani, ikanyooshwa kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, upande huu na upande ule, na fundi akainama kutazama kama magurudumu ya mbele yanafuatana nayo. Akazungusha tairodi mara mbili tatu, akatazama tena, akasema, "Kamba iko sawa, kijana wangu." Kijana akatoa pesa alipe.

Wote wawili walikuwa wakisema kweli. Fundi alikuwa ameurekebisha mwelekeo wa magurudumu, ambao ndio hupimwa kwa kamba. Kijana alikuwa amelalamikia mwinamo wake, ambao kamba haiupimi hata ikinyooshwa mchana kutwa. Nilipoingilia kati na kumwomba kijana aeleze kwa mikono yake alichokitaka, fundi alicheka. "Si ungesema tairi imelala?" Akachukua uzi, akaufunga nati nzito mwishoni, akauning'iniza kutoka ukingo wa madigadi ukapita mbele ya rimu, kisha akapima kwa rula nafasi iliyo kati ya uzi na ukingo wa rimu juu, halafu chini. Waashi wa kwetu hukiita chombo hicho timazi, na wanakitumia kila siku kuzisimamisha kuta. Tofauti ya juu na chini ilipita milimita 22. Kwa rimu yenye kipenyo cha milimita 430 hivi, hiyo ni sawasawa na digrii 3, ilhali katika magari mengi ya kawaida mwinamo wa magurudumu ya mbele haupiti digrii 1 hivi. Mwalimu wa hisabati anayetafuta mfano wa tanjenti kwa ajili ya darasa lake hahitaji kwenda mbali.

Katika kisa hicho ujuzi ulikuwapo, na chombo cha kupimia kilikuwapo. Kilichokosekana ni neno moja. Kijana alijua jina la Kiingereza bila kujua njia ya kupima. Fundi alijua njia ya kupima, na jina la Kiswahili alikuwa nalo, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba jina lake ni istilahi.

Yapo mengine ya namna hiyo. Vijana wetu husema wameilowa gari, wakimaanisha wameishusha. Sijui mwalimu gani wa Kiswahili ambaye, akikuta katika insha ya mwanafunzi kwamba "gari la kaka limelowa", hatadhani kwamba mvua ilinyesha. Hapa sina huruma na utohozi, kwa sababu kitenzi kushusha kipo, ni chepesi, na mafundi wenyewe hukitumia. Lakini sipendi pia ugonjwa wa upande wa pili, wa wasomi wanaojifungia katika warsha na kutoka na neno ambalo hakuna kiumbe atakayelitamka nje ya ukumbi ule. Tuliwahi kupewa ngamizi na tarakilishi kwa ajili ya mashine moja, na watu wakaendelea kusema kompyuta. Usukani ulitoka kwenye vyombo vya baharini ukapanda gari bila kuidhinishwa na kamati yoyote. Neno gari lenyewe lilitujia kutoka Bara Hindi, tairi likatoka Uingereza, na leo yote mawili huchukua viambishi vya ngeli bila wasiwasi wowote. Kenya wengi husema shoki, na ukivuka Namanga utasikia shokapu. Sioni sababu ya kupigana vita juu ya hilo.

Ningependa walimu wa Kiswahili wayasikilize kwa makini maneno ya gereji kabla ya kuyasahihisha. Fundi akisema "gari inakula tairi", mwalimu hukimbilia upatanisho wa kisarufi: gari linakula, si inakula. Ni kweli. Lakini atazame maana. Sentensi hiyo inamtaja mtenda, nayo inamtaja kwa usahihi: mharibifu ni gari, na tairi ndilo linaloharibiwa. Mwenye gari asiyejua haya huenda akanunua tairi jipya na kulifunga katika gari lile lile lenye kula, kisha baada ya miezi michache akamlaumu muuza matairi. Fundi huyo huyo atakwambia kama tairi linaliwa ndani, au nje, au katikati, au kwa vidoto, na kila neno kati ya hayo ni uchunguzi kamili. Kuliwa katikati kunaonyesha upepo umezidi. Kuliwa pande zote mbili kunaonyesha umepungua. Vidoto mara nyingi vinaashiria shoki iliyokufa. Kuliwa ndani peke yake, ambao ndio ugonjwa mkubwa wa magari yaliyoshushwa, humfanya kila mtu alaumu mwinamo kwa sababu unaonekana kwa macho.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa kuwa macho yanadanganya. Mara nyingi mlaji mkubwa ni mwelekeo, ambao hauonekani. Tuseme umbali kati ya kingo za mbele za matairi mawili unatofautiana na ule wa kingo za nyuma kwa milimita 6 tu, na kimo cha tairi ni milimita 600. Kila gurudumu lina fungu lake la milimita 3, yaani sehemu 1 kwa 200. Maana yake ni kwamba katika kila kilomita 1 gari linayoenda mbele, kila tairi ni kana kwamba limeburutwa kwa ubavu mita 5. Kutoka Nakuru hadi Nairobi ni kilomita 160 hivi. Zidisha, utapata mita 800 za kuburutwa ubavu katika safari moja, kwa kosa ambalo ni unene wa penseli. Ikiwa tairi hilo pia limelala, mzigo wote wa kuburutwa huangukia ukanda mwembamba wa ndani, mahali ambapo mwenye gari haangalii kwa sababu pamefichwa na chuma. Nyuzi hujitokeza huko ndani huku upande wa nje ukiwa bado una meno mazuri ya kumridhisha askari wa barabarani. Kisha tairi hupasuka, na wala halichagui mahali pa kupasukia.

Nisieleweke vibaya. Barabara ya Salgaa hadi Sachangwan imewaua wengi, na ajali kama ile ya Migaa ya tarehe 31 Desemba 2017, iliyowaua watu 36, ilikuwa ya basi na lori, si ya magari ya vijana. Sitaki kuyabebesha magari hayo mizigo isiyo yao. Nasema tu kwamba mteremko ule, na mteremko wa Subukia, na matuta yaliyotapakaa katika barabara zetu, si mahali pa kujaribia tairi lililoliwa nusu.

Na rimu je? Huko nako kuna namba ambazo kijana huzikariri bila kuzitafsiri. Nyuma ya rimu hupigwa chapa ya namba inayoonyesha, kwa milimita, umbali kati ya uso unaokaa kwenye habu na mstari wa katikati ya upana wa rimu. Ukiondoa rimu ya 50 ukafunga ya 30 yenye upana ule ule, gurudumu linatoka nje milimita 20. Bado namba ni ndogo, bado gari linapendeza, lakini beringi sasa inabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi, na usukani unavutwa kwa nguvu kila gurudumu linapoingia shimoni. Duara la nati lina hatari yake pia. Magari mengi ya Toyota yenye nati 5 yana duara la milimita 114.3, Volkswagen Golf nyingi za miaka ya karibuni zina milimita 112. Tofauti ni milimita 2.3, ndogo kiasi kwamba rimu ya gari moja huweza kulazimishwa kukaa kwenye gari jingine. Nati hukazika, lakini hukazika kwa ubavu, na stadi huishi katika kupindwa hadi siku ikatike. Nimewasikia mafundi wakikataa kazi hiyo kwa maneno machache: "Hiyo haikai, inajidai kukaa." Sijasoma katika kitabu chochote maelezo mafupi na sahihi kuliko hayo.

Wapo watakaosema kwamba ufundi wa magari ni sayansi ya Wazungu na kwamba Kiingereza ndicho funguo yake. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama magari yetu yangetoka Uingereza. Mengi hutoka Japani yakiwa yametumika, kwa kuwa sheria yetu huruhusu kuagiza magari yasiyozidi umri wa miaka 8, na kibandiko cha upepo wa matairi mlangoni huwa kimeandikwa Kijapani, sawa na kitabu kilichomo dashibodini. Mafundi wa Nakuru hawakisomi Kijapani na bado wameyafungua magari hayo hadi nati ya mwisho. Wamesoma chuma chenyewe. Wanajua, kwa mfano, kwamba Subaru nyingi zina bolti ya juu, pale shoki ya mbele inaposhikana na gurudumu, ambayo shingo yake haikukaa katikati, hivi kwamba ukiizungusha gurudumu linalala au linasimama. Na kwamba magari mengi madogo ya Toyota hayakupewa bolti ya namna hiyo, kwa hiyo mwenye kuyashusha sharti anunue.

Wengine watasema mtandao umejaa mafunzo. Umejaa, na mengi ni mazuri. Lakini mengi yalitengenezwa na watu wanaoendesha juu ya lami laini. Tangu mbio za Safari ziliporejea katika mashindano ya dunia mwaka 2021, na kufanyika Naivasha na kandokando ya Elmenteita, maelfu ya vijana wetu huenda kuyashangilia magari ya mashindano. Wayachunguze vizuri: magari yaletwayo kukimbia katika vumbi letu huinuliwa, hayashushwi. Joginder Singh hakushinda Safari ya 1965, ya 1974 na ya 1976 kwa gari linalosugua tumbo. Mwenye kulishusha gari lake katika Bonde la Ufa amechagua kwenda kinyume cha ardhi, na ni haki yake, ila anahitaji vipimo makini kuliko kijana wa Tokyo.

Suala la lugha linarudi hapa kwa uzito. Mafunzo ya ufundi wa magari katika vyuo vyetu hutolewa kwa Kiingereza, na vitabu ni vya Kiingereza. Mashine za kisasa za kupimia magurudumu hutoa karatasi ya Kiingereza yenye rangi nyekundu na kijani. Katika gereji nyingi karatasi hiyo huenda moja kwa moja mkononi mwa mteja, ambaye hutafuta rangi ya kijani na kuikunja. Wakati huo huo, kazi yenyewe huagizwa, huelezwa, hubishaniwa na kufundishwa kwa Kiswahili, kwa sababu mwanagenzi ametoka Kuresoi, fundi ametoka Bahati, mwenye gereji kazaliwa Busia, na hakuna lugha nyingine inayowakutanisha. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Urasmi huo bado haujafika chini ya gari.

Isisahauliwe kwamba jina jua kali ni la Kiswahili na lilianza kwa watu wafanyao kazi bila paa. Shirika la Kazi Duniani lilipotoa ripoti yake kuhusu Kenya mwaka 1972, lilizungumza juu ya sekta isiyo rasmi. Ulipofika mwaka 1992 serikali ilitoa waraka wake Nambari 2 kuhusu biashara ndogo na jua kali, na neno hilo la mafundi likaingia katika Kiingereza cha serikali bila kutafsiriwa. Walioweza kuikopesha serikali jina la sekta nzima wanaweza kuikopesha shule majina ya vipimo vitatu.

Nayapendekeza haya, kwa kuyatoa gereji na kwa waashi, wala si kichwani mwangu. Kulala na kusimama kwa gurudumu kuitwe mwinamo, upimwe kwa timazi, utajwe kwa digrii. Kuelekeana na kuachana kwa magurudumu kuitwe mwelekeo, upimwe kwa kamba au kwa futi ya utepe, utajwe kwa milimita. Kipimo cha tatu ni kule kuegemea nyuma kwa mhimili ambao gurudumu hugeukia, ambako kila aliyewahi kupanda baiskeli anakujua kwa kuitazama foko yake, na ndiko kunakoufanya usukani urudi wenyewe baada ya kona. Hicho kiitwe mwegemeo. Marehemu Rajmund Ohly alichapisha Dar es Salaam mwaka 1987 kamusi ya msingi ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba kazi ya namna hii haiwezekani. Iliyobaki ni ya kuendelezwa, na hapa Nakuru tuna chuo kikuu kule Njoro, tuna chuo cha taifa cha ufundi, tuna gereji zisizohesabika, na tuna wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu wakirudia zile zile za miaka 20 iliyopita.

Mwalimu wa Kiswahili amtume mwanafunzi wake gereji na daftari, akamsikilize fundi na kumwandika. Mwalimu wa fizikia amsaidie kuzifanyia hesabu kauli hizo. Kisha iandikwe karatasi moja, kwa herufi kubwa, ibandikwe ukutani karibu na jeki, ikifuata mpango ambao mafundi wazuri huufuata tayari: kwanza upepo wa matairi uwe sawa pande zote, kisha bushi na boljointi zikaguliwe, kwa maana gari lenye boljointi iliyolegea halipimiki, kisha kimo cha gari kipimwe kushoto na kulia, halafu mwinamo, na mwelekeo uwe wa mwisho, kwa sababu kila ukiugusa mwinamo, mwelekeo nao husogea. Chini ya karatasi iachwe nafasi ya kuandika kwa kalamu vipimo vya kabla na vya baada, na sahihi ya fundi.